Baba anatakiwa kukatwa mguu, daktari mwingine anasema mshipa unafunguliwa kwa puto bila kupasua. Tufuate lipi?

#1 Kijana wa Kipawa
Wakuu, habari. Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya wodi, mnisamehe mpangilio.

Baba ana miaka 68, kisukari anacho mwaka wa 14 sasa, sigara aliacha 2019. Tangu mwaka jana akitoka nyumbani kwenda kituo cha daladala kigimbi cha mguu wa kushoto kinambana, anasimama, kinaachia, anaendelea. Tukasema uzee. Mwezi wa tatu kiatu kilimchubua, kidonda hakikufunga, sasa kidole cha pili kimekuwa cheusi.

Hospitali ya kwanza walisema akatwe chini ya goti, wiki hiyohiyo. Nilikuwepo chumbani: hakuna aliyeushika ule mguu kutafuta mapigo. Nikaomba rufaa. Hospitali ya pili daktari kijana alipaka jeli, akapitisha kifaa kidogo kinachotoa sauti, akasema damu inakwama pajani na kuna wataalamu wanaingiza waya kinenani wanafungua kwa puto. Mpasuaji wa hapohapo akasema puto halidumu, bora apandikiziwe mshipa wa kupitisha damu kando ya palipoziba.

Madaktari watatu, majibu matatu. Shangazi naye anasema baba alikanyaga kitu alichowekewa. Kuna mtu amepitia hili?

#2 Mwanambala
Pole sana mkuu. Nakaa hapa nisome, mjomba wangu yuko hatua hiyohiyo.

#3 Gari Kubwa
Samahani, mimi niliposoma "mshipa" nikajua mzee ana ngiri nikashangaa mguu umeingiaje. Kwetu mtu akisema ana mshipa, ni huo.

#4 Nesi wa Zamu
Gari Kubwa, usicheke, hilo linatuchelewesha sana kazini. Mgonjwa anasema "nina mshipa" na wewe hujui ni ngiri, busha, neva au mshipa wa damu. Kiswahili kimeweka vyote kwenye neno moja.

Kijana, anachozungumzia daktari wako ni ateri, ile inayopeleka damu mguuni kutoka moyoni. Kisukari, sigara, presha na mafuta huijengea utando mgumu kwa ndani ikawa kama bomba la chuma lenye kutu. Kubanwa kigimbi ukitembea na kuachia ukisimama ndiyo dalili yake ya kwanza. Ikizidi, mguu unauma hata ukilala.

Naomba unijibu: usiku baba anaushusha mguu chini ya kitanda?

#5 Kijana wa Kipawa
Nesi, umejuaje? Miezi miwili sasa analala amekaa kwenye kiti, mguu chini. Akiupandisha kitandani analia.

#6 Nesi wa Zamu
Mguu ukining'inia, uzito wa damu yenyewe unaisaidia kushuka. Mgonjwa hugundua mwenyewe bila kuambiwa. Hiyo si ganzi ya kawaida ya kisukari. Msikubali kisu chochote kikubwa kabla mishipa haijapigwa picha.

#7 Babu Mpole
Tusikimbilie mishipa. Mimi nilibanwa vigimbi miaka mitatu, nikapimwa kila kitu, kumbe pingili za kiuno zilikuwa zimekaba neva. Nikiinama au nikisukuma toroli sokoni napata nafuu, nikisimama wima tu sipati. Mzee wako apigwe picha ya mgongo.

#8 Fundi Eksirei
Babu Mpole, umejitofautisha mwenyewe hapo bila kujua. Wa mgongo lazima ainame au akae. Wa ateri anasimama tu wima dakika chache, kinaachia, anatembea umbali uleule, kinabana tena. Na mgongo haufanyi kidole kuwa cheusi.

#9 Babu Mpole
Sawa mwanangu, ila mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mimi najiwekea akiba hiyo.

#10 Mama Doto
Kuhusu shangazi, msimpuuze sana. Baba yangu mdogo kule Bukoba mguu ulikuwa hivyohivyo mweusi, hospitali walishindwa, akapelekwa kwa mtaalamu wa mitishamba, akapona.

#11 Nesi wa Zamu
Mama Doto, alipona na mguu wake wote au kidole kilidondoka?

#12 Mama Doto
Vidole viwili vilidondoka vyenyewe. Lakini mguu upo.

#13 Nesi wa Zamu
Basi hilo linajulikana. Kidole kikikauka bila kuoza kinaweza kujitenga chenyewe. Bahati yake ni kwamba damu ya juu ilitosha na wadudu hawakuingia. Ninaowaona mimi ni wale ambao haikutosha: wanaletwa na mguu umefungwa majani, unanuka, sukari haisomeki kwenye mashine. Sitaki kumsema mzazi wa mtu, lakini miezi wanayopoteza huko ndiyo inayokata mguu.

#14 Kibatari
Hii ya puto si mpya kama watu wanavyodhani. Aliyeanza ni daktari wa picha huko Portland, Marekani, Charles Dotter, tarehe 16 Januari 1964. Bibi wa miaka 82, vidole vimeoza, amekataa kukatwa mguu. Dotter akaingiza puto kwenye ateri ya paja, akaipanua, mguu ukapata joto. Bibi aliishi zaidi ya miaka miwili, na alikufa akiwa bado anatembea na miguu yake.

Na huyo bibi naye, kabla ya hapo jibu alilopewa lilikuwa moja tu: kata.

#15 Fundi Eksirei
Kibatari, hadithi ni ya kweli, sahihisho moja: Dotter hakuwa na puto. Alipitisha mirija migumu, mwembamba kwanza halafu mnene juu yake, kama unavyopanua tundu kwa misumari ya saizi mbalimbali. Puto ni la Andreas Grüntzig, kule Zurich. Alikuwa akiyatengeneza jikoni kwake usiku. Mwaka 1974 akalitumia kwenye mguu, Septemba 1977 akaliingiza kwenye mshipa wa moyo wa mtu aliye macho. Stenti, vile vibomba vya wavu wa chuma, zikaingizwa kwenye mishipa ya moyo ya binadamu mara ya kwanza mwaka 1986, Toulouse na Lausanne.

Na kabla ya hao wote kuna Mjerumani Forssmann. Mwaka 1929 alijiingizia mrija mkononi mwenyewe mpaka moyoni, akatembea hadi chumba cha eksirei akapigwa picha. Walimwona mwehu. 1956 wakampa Nobeli.

#16 Gari Kubwa
Huyo Forssmann angekuwa mtaani kwetu angeshafungwa kamba na ndugu zake.

#17 Kijana wa Kipawa
Asanteni, nimemsomea baba habari ya huyo bibi, ametabasamu mara ya kwanza wiki hii. Swali: lile puto linaondoa uchafu au linafanya nini? Na kwa hapa Dar ni wapi?

#18 Fundi Eksirei
Haliondoi kitu. Wengi wanadhani linazibua kama choo. Utando ule unasukumwa pembeni, ukuta wa mshipa unatanuka na kupasuka kidogokidogo, njia inapatikana. Ndiyo maana inaweza kujifunga tena. Ukuta uliojeruhiwa hujenga kovu.

Inavyokwenda: ganzi kinenani, sindano, waya mwembamba, mrija juu ya waya, kisha dawa inayoonekana kwenye eksirei ili mishipa ijichore. Waya ukivuka palipoziba, puto linapitishwa, linajazwa dakika mbili tatu, linanywea, linatolewa. Mgonjwa yuko macho, anaongea. Baada ya hapo mtu anakandamiza kinena dakika kama 15 hadi 20, halafu mzee analala chali saa kadhaa bila kukunja mguu. Hapo ndipo wazee wanapotusumbua, wanataka kuinuka kwenda chooni.

Dar: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili wana kathlabu, chumba cha kuingizia waya na mirija mishipani. Na Muhimbili yenyewe kuna tiba radiolojia, yaani matibabu yanayoongozwa na picha. Kuanzia 2018 madaktari wa mpango wa Road2IR walikuwa wanakuja kwa zamu kutoka Marekani kufundisha, na MUHAS, chuo kikuu cha tiba cha hapo Muhimbili, ikafungua masomo ya ubingwa huo. Zamani ungeambiwa nenda India. Sasa anza hapo, uliza kwa jina: tiba radiolojia.

#19 Mwana wa Kisauni
Mie niko Mombasa, nami nataka kusema upande wa pili, msije mkaona ni mteremko. Mamangu alifunguliwa mshipa kwa puto katika hospitali moja ya kibinafsi. Wiki ya kwanza furaha tupu, mguu una joto, kidonda chaanza kuwa chekundu. Mwezi wa tano ukafunga tena. Wakafungua mara ya pili, ukafunga. Mwisho akakatwa juu ya goti, na tushauza shamba. Hakuna aliyetuambia mwanzoni kwamba waweza kujifunga. Hilo ndilo laniuma, si mguu pekee.

#20 Nesi wa Zamu
Pole sana ndugu yangu. Kutoambiwa huko ni kosa kabisa. Alikuwa anapewa aspirini na klopidogreli baada ya hapo?

#21 Mwana wa Kisauni
Mwezi mmoja. Kisha dawa zikaisha nasi tukadhani dozi imekwisha.

#22 Nesi wa Zamu
Kijana, soma hapo juu mara mbili. Dawa moja ya kuzuia damu kuganda kwa kawaida ni ya maisha, ya pili ni ya muda atakaosema daktari. Na dawa ya kolesteroli. Ziandikwe kwenye karatasi, ibandikwe ukutani.

#23 Fundi Eksirei
Lakini tusimpe Mwana wa Kisauni jibu rahisi kwamba ni dawa tu. Ukuta uliojaa chokaa hujifunga hata kwa anayekunywa dawa zote. Mishipa ya chini ya goti, kwa mwenye kisukari, ni myembamba sana. Hatujui kwa mama ilikuwa lipi.

#24 Mtanga wa Sheffield
Salaam kutoka Uingereza, niko kwenye kitengo cha picha za mishipa. Niongezee kwa nini madaktari wake hawakubaliani, maana siyo kwamba mmoja ni mjinga.

Kuna utafiti mkubwa uliotoka 2022, unaitwa BEST-CLI, wagonjwa zaidi ya 1,800 ambao miguu yao ilikuwa hatarini. Wale waliokuwa na mshipa mzuri wa pajani wa kupandikiza (ule wa kurudisha damu, si ateri iliyoziba), waliopasuliwa walifanya vizuri zaidi: matatizo makubwa ya mguu au kifo vilikuwa 42.6% kwao, na 57.4% kwa waliofunguliwa kwa waya. Wapasuaji wakashangilia. Mwaka uliofuata, 2023, ukatoka BASIL-2, wagonjwa 345, wengi wa huku kwetu, mishipa ya chini ya goti. Matokeo kinyume: walioanza na waya waliishi na miguu yao kwa uwiano mkubwa zaidi, hasa kwa sababu vifo vilikuwa vichache.

Watu wale wanaohudhuria mikutano ileile wanatoka na majibu mawili. Wengine wanasema wagonjwa walitofautiana, wengine mishipa iliyotibiwa ilitofautiana, wengine ufundi wa waliofanya. Huku kwetu mabingwa wangali wanabishana kwenye kikao cha Jumatano, mbele yangu.

#25 Kibatari
Kwa hiyo mpasuaji wa baba yake Kijana yuko sahihi?

#26 Mtanga wa Sheffield
Anaweza kuwa sahihi kama baba ana mshipa mzuri pajani na moyo unaohimili nusu kaputi ndefu. Kijana, waombe wampime mshipa huo kwa altrasaundi. Ni kipimo cha dakika chache na ndicho kinachoamua mjadala wote huu. Kama mshipa ni mbovu, au moyo umechoka, waya ndiyo njia.

#27 Mama Kulwa na Doto
Na mimi nina mishipa imejitokeza miguuni kama minyoo ya bluu, inauma jioni. Naomba namba ya huyo wa puto.

#28 Gari Kubwa
Mama umeingia uzi wa barabara ya kwenda, wewe una ya kurudi.

#29 Nesi wa Zamu
Gari Kubwa leo umesema vizuri. Yako ni vena, inayorudisha damu, na vali zake zimelegea. Haitanuliwi kwa puto, inafungwa: kwa leza au joto la mawimbi ya redio kupitia tundu dogo, au kwa dawa ya povu. Soksi za kubana zinakusaidia wewe. Mwenye ateri iliyoziba akivaa soksi hizohizo anaweza kupoteza mguu, kwa hiyo usimwazime jirani.

#30 Mwanambala
Hilo la soksi sikulijua! Mjomba alinunuliwa na dukani wakamwambia ni za kisukari. Namvua leo.

#31 Asubuhi Njema
Kitunguu saumu na limao, kijiko asubuhi siku 40, mishipa inazibuka yote. Mimi shahidi.

#32 Fundi Eksirei
Ale tu kama chakula. Ila chokaa iliyojengwa kwa miaka 20 haiyeyuki kwa limao, na siku 40 baba wa Kijana hana. Kitu cha nyumbani chenye nguvu kweli kwa wale wa hatua ya mwanzo, wasio na kidonda, ni kutembea: nusu saa, mara tatu kwa wiki, mpaka kigimbi kiume, pumzika, endelea. Miezi mitatu umbali unaongezeka. Mwili unapanua vijia vya pembeni.

#33 Asubuhi Njema
Basi na kutembea pia kulikuwa kwenye mpango wangu, sikuandika.

#34 Kijana wa Kipawa
Mrejesho. Tumepimwa jana. Walimpima presha ya mkono na ya kifundo cha mguu wakazigawanya. Mguu mzima wa kulia ukatoka 1.5, wakasema usifurahie. Wa kushoto, mbaya, 0.6. Sijaelewa, mkubwa si ndiyo mzuri?

#35 Mtanga wa Sheffield
Kawaida ni kuanzia 0.9 hadi 1.4. Chini ya 0.9 kuna kuziba. Juu ya 1.4 maana yake ukuta umekuwa mgumu kwa chokaa kiasi kwamba mkanda haukandamizi, kwa hiyo kipimo kinadanganya; kwa wenye kisukari ni kawaida. Hata hiyo 0.6 inaweza kuwa mbaya zaidi ya inavyosomeka. Waombe wapime presha ya kidole gumba, hapo chokaa haiingilii sana. Chini ya 30 kidonda hakiponi bila kuongezwa damu.

#36 Kijana wa Kipawa
Wamepima: 24. Mshipa wa pajani wa kupandikiza wamesema ni mwembamba, haufai. Mpasuaji mwenyewe amesema twende na waya. Tatizo lililobaki figo. Kreatinini, kile kipimo cha figo, iko juu, wanaogopa ile dawa ya kuchora mishipa.

#37 Fundi Eksirei
Woga wao ni wa haki. Waulizeni mambo mawili: atapewa maji ya mshipani kabla na baada? Na je, wanaweza kutumia gesi ya kaboni dioksidi badala ya dawa kwenye sehemu ya paja? Gesi inasukuma damu pembeni, mshipa unaonekana, na figo haina cha kuchuja. Si kila mahali wanayo, lakini swali halina gharama. Na metfomini, ile dawa ya sukari, muulize daktari kama isimame.

#38 Mkaguzi Mstaafu
Msisahau mfuko. Bima zinatofautiana, nyingine zinalipia kukatwa mguu siku hiyohiyo lakini stenti zinataka kibali cha wiki mbili. Nilimuuguza dada, najua. Tukahesabu mguu wa bandia, kiti cha magurudumu, mtu wa kumsaidia, ikawa kukata ndiyo ghali. Hesabu hiyo haifanywi na yeyote dirishani.

#39 Babu Mpole
Hapo ndipo ninapoona sababu ya yote haya. Siyo uchawi wala siyo mgongo, naacha mgongo wangu. Kukata kunaweza kufanyika wilayani kesho asubuhi. Waya unataka mashine, umeme, puto la saizi yake na mtu aliyesomea. Daktari wa kwanza alitoa alichokuwa nacho.

#40 Nesi wa Zamu
Babu, naheshimu, ila kidole cha mkono kutafuta mapigo juu ya unyayo hakihitaji umeme. Hapo sikubaliani.

#41 Kibatari
Nimesoma mahali kwamba maputo yenye dawa yanaua. Kijana awe makini.

#42 Mtanga wa Sheffield
Ni kweli 2018 uchambuzi mmoja uliashiria vifo zaidi kwa maputo yenye paklitakseli, ile dawa ya kuzuia kovu, tukayaweka kabatini. Zikafuata takwimu nyingi zaidi, na 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani ikasema ushahidi hauonyeshi ongezeko la vifo. Wapo wenzangu ambao bado hawajatulia. Kwa baba, la muhimu zaidi ni waya uvuke.

#43 Kijana wa Kipawa
Ameingia saa tatu asubuhi. Tuombeeni.

#44 Mama Doto
Mungu awatangulie.

#45 Mwana wa Kisauni
Twamuombea. Niambie akitoka, hata usiku.

#46 Kijana wa Kipawa
Ametoka saa sita na nusu. Gesi walikuwa nayo, dawa wametumia kidogo sana. Pajani waya umevuka, wametanua kwa puto, na stenti moja juu kabisa. Karibu na goti hawakuweka, wanasema pale panakunjwa na chuma kinavunjika. Chini ya goti mishipa ni mitatu, wamefungua mmoja, mwingine wamejaribu saa nzima umekataa. Daktari amesema mmoja unatosha kuponya kidonda, lakini hakuahidi. Alitaja mwenyewe kwamba unaweza kujifunga, kabla sijauliza.

Usiku wa kwanza baba alilala kitandani, miguu yote juu.

#47 Gari Kubwa
Hiyo ya mwisho imenitoa machozi, sisemi utani.

#48 Kijana wa Kipawa
Wiki ya sita. Kidole cha pili kimetolewa, kimoja tu, kidonda kinafunga kutoka chini. Kuna sehemu pembeni ya kisigino ambayo bado ni ya zambarau, daktari anaiangalia kila Jumatatu na hasemi kitu. Dawa ziko ukutani kama Nesi alivyoagiza. Figo imerudi ilipokuwa.

Shangazi anasema ni yale maji aliyomnyunyizia kabla hajaingia. Mpasuaji anasema kama ule mshipa wa pajani ungekuwa mnene angempasua na asingejuta.

#49 Mwanambala
Hongereni sana. Nami mrejesho: mjomba nimemvua soksi, tumempima, kulia 0.5, kushoto 0.7, hana kidonda. Moshi, huku kuna anayefanya hii, au nimlete Dar moja kwa moja? Na anavuta ugoro, sijui nao unahesabika.